Kava la Propela

Zipora alifika Kahama saa tatu asubuhi, kichwa kikimgonga kwa kukosa usingizi. Mkobani alikuwa na kipande cha kamba ya katani chenye mafundo mawili. Toka fundo hadi fundo ndio uliokuwa urefu wa propela ya trekta lao, kile chuma kirefu kinachozunguka kati ya trekta na mashine ya kupukuchulia mahindi. Aliipima jana yake, mumewe Makoye alipokwenda kunywesha ng'ombe. Aliipima akigeuka nyuma kila mara kama mwizi, ilhali ua ulikuwa wake na trekta lilikuwa lao.

Alikuwa amemuaga Makoye kwamba anafuata dawa ya kuogeshea ng'ombe na filta ya dizeli. Haukuwa uongo. Dawa ilikuwa imebaki matone, na filta ilitakiwa ibadilishwe kabla ya Jumatatu, siku ambayo wangeanza kupukuchua mahindi ya msimu huu. Alichokificha ni kitu cha tatu.

Duka la Neema ya Shamba lilikuwa na miaka michache tu pale mjini. Lilikuwa tawi mojawapo, mengine yako Geita, Mwanza na Shinyanga. Zamani vipuri vya trekta ulivitafuta kwa mafundi, kwenye marundo ya vyuma vya kutu, ukanunua kwa kubahatisha. Siku hizi unaingia mlangoni, mlinzi anakusalimu, unakuta rafu toka ukuta hadi ukuta. Mle ndani mlinukia mpira mpya, mbolea na dawa ya mifugo kwa pamoja. Zipora alipita kwenye madumu ya oili, akapita kwenye disiki za plau zilizopangwa kama sahani za harusi, matairi, makopo ya grisi, magunia ya chumvi ya ng'ombe. Alichukua dawa, akachukua filta, kisha akasimama kwenye kaunta ya vipuri nyuma ya wachimbaji wawili waliokuwa wakichagua mpira wa kuvutia maji mashimoni. Buti zao zilikuwa na matope makavu ya rangi ya majivu. Hawakuwa na haraka. Zipora aliegemeza nyonga kwenye kaunta, akafumba macho kidogo.

"Shikamoo mama. Karibu."

Alifumbua macho. Wachimbaji walikwisha ondoka. Muuzaji alikuwa msichana mwenye fulana ya kijani, jina lake, Dorah, limeandikwa kifuani.

"Marahaba, mwanangu. Natafuta kava la propela."

"Propela ya gari?"

"Ya trekta. Ile ya nyuma, inayoendesha mashine. Kuna bomba la plastiki la njano linaifunika ili isishike mtu. Ndilo ninalotaka."

Dorah alifikiri. "Propela nzima tunayo, mama, mpya, na krosi zake za kuungia. Kava peke yake..." Akageukia kompyuta, akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. "Hilo watu huwa hawaliulizi."

Mwanaume mmoja aliyekuwa akisubiri na feni belti mkononi alicheka kwa wema. "Mama, usijisumbue. Sisi wote tunayatoa yale. Yanazuia tu kupaka grisi."

Zipora alitazama kidole cha Dorah kikishuka kwenye kioo cha kompyuta.

"Lipo moja Shinyanga," Dorah alisema. "Moja tu. Tukiliagiza litakuja na mzigo, labda baada ya wiki mbili, tatu."

"Jumatatu tunaanza kupukuchua."

"Basi hapo mama, labda ulifuate mwenyewe."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Zipora alipiga hesabu ya njia: hadi Shinyanga, na kurudi, na gari la kwenda kwao upande wa Kakola ambalo halimngoji mtu. Miguu yake ilimwambia arudi nyumbani. Angeweza kurudi. Nani angejua kwamba aliwahi kulitafuta? Alisimama pale na dumu la dawa mkononi, mpaka Dorah akamuuliza kama anajisikia vizuri.

"Wapigie simu," alisema Zipora. "Waambie wasimuuzie mtu. Nakuja."

Basi liliondoka saa tano. Alipata kiti cha dirishani, akalaza kichwa kwenye kioo, lakini kila alipofumba macho alijikuta uani kwake, Julai ya mwaka jana.

Walikuwa wamepukuchua tangu alfajiri. Trekta lilikuwa likinguruma, Makoye amekaa juu ya kiti chake, na Zipora amesimama kwenye ngazi ya mashine akimimina mahindi kwenye mdomo wa mashine. Wanawake wa jirani walimletea mahindi kwa mabeseni, mmoja wao akiwa Kudra, anayekaa ng'ambo ya korongo. Lundo la mahindi lilikuwa upande mmoja wa propela na ngazi ya mashine ilikuwa upande wa pili, kwa hiyo kila mwenye beseni ilimlazimu azunguke mbele ya trekta. Hatua thelathini hivi. Zipora mgongo ulikuwa ukimuuma, vumbi la mahindi limemjaa kooni, na kwa jirani mwingine mashine ilikuwa inasubiriwa. Akapaza sauti.

"Kudra! Vuka hapo hapo, unazunguka nini!"

Kudra alimtazama. Hilo ndilo lililomkosesha Zipora usingizi mwaka mzima, kwamba alimtazama kwanza, kama mtu anayehakikisha kuwa amesikia sawa. Kisha akainua mguu kuiruka propela. Ncha ya khanga aliyojifunga kiunoni ikashikwa. Chuma kikavuta khanga, khanga ikamvuta Kudra, naye akatanguliza mkono wa kulia ili ajizuie. Makoye alizima injini papo hapo, lakini mpaka propela isimame mkono ulikuwa umekwisha haribika. Hospitali waliukata juu ya kiwiko.

Watu walisema Kudra mzembe. Mwanamke gani anakaribia mashine na khanga inayoning'inia? Walisema kisimani, walisema msikitini, walisema kanisani. Ndaki, mumewe Kudra, alilisema kuliko wote. Zipora aliyasikia yote akanyamaza. Alipeleka unga, akapeleka kuku, akapeleka sabuni, ila aliyebeba alikuwa binti yake Martina. Yeye mwenyewe alikwenda mara mbili tu, na mara zote mbili alifuatana na wenzake, ili asije akabaki na Kudra wawili peke yao.

Alishuka Shinyanga saa nane kasoro, jua likiwa kali, akapanda bajaji hadi dukani. Hakuwa amekula. Duka lilikuwa sawasawa na lile la Kahama, rafu zile zile, harufu ile ile, hata akaona kama vile hajatoka mahali. Mtunza stoo alikuwa mtu wa makamo aitwaye Marwa, miwani yake imefungwa kwa waya mdogo upande mmoja.

"Ni wewe mama wa Kahama?"

"Ni mimi."

Marwa aliingia stoo, akakaa huko muda mrefu, akarudi na kava. Lilikuwa limejaa vumbi, rangi yake ya njano haionekani. Akaliweka kaunta akaanza kulipangusa taratibu kwa kitambaa.

"Niko hapa mwaka wa sita," alisema. "Nimeuza mawili tu ya namna hii. Na wote wawili walionunua walikuja baada."

"Baada ya nini?"

"Baada," Marwa alisema tena, bila kuinua macho.

Zipora aliligusa kava. Akalinyanyua. Alishangaa lilivyo jepesi. Mtoto wa miaka mitano angelibeba.

"Na mimi nimekuja baada," alisema.

"Ni mtoto?"

"Jirani. Mkono." Alilirudisha kava kaunta. "Mimi ndiye niliyemwambia avuke."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyatoa maneno hayo kinywani. Kwa mwaka mzima aliamini kwamba siku akiyasema ataanguka, au watu watamkusanyikia. Hakuna kilichotokea. Kaunta ya pili mama mmoja aliendelea kuuliza chanjo ya kuku inakaaje bila friji. Marwa hakumpa pole wala hakumlaumu. Alichukua kamba yenye mafundo akainyoosha juu ya kava.

"Linazidi vidole vinne. Nitalikata."

Alilikata kwa msumeno wa chuma hapo hapo, akalilainisha ncha kwa tupa. Kisha akashika minyororo miwili myembamba iliyoning'inia kila upande.

"Mtu atakuja kukwambia hii haina kazi. Ina kazi. Huu mmoja unafungwa kwenye trekta, huu mwingine kwenye mashine, ili chuma kizunguke ndani na kava litulie. Kava likizunguka pamoja na chuma, ni sawa na kutokuwa na kava. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Nani atalifunga?"

"Mume wangu."

"Anajua umekuja huku?"

Zipora alitikisa kichwa.

Marwa alimfungia kava kwa gazeti na kamba, akamsogezea. "Basi kazi bado, mama," alisema.

Gari la mwisho la kwao lilikuwa limekwisha ondoka aliporudi Kahama. Akampigia simu Makoye kwamba amechelewa, akalala mtaa wa Nyasubi kwa wifi yake, ambaye aliuliza mzigo ule ni nini na kujibiwa kwamba ni kifaa cha trekta. Wifi hakuuliza zaidi. Usiku huo Zipora alilala kama gogo, na alipoamka alikuwa amechoka vile vile.

Ijumaa saa nne asubuhi aliingia uani kwake. Makoye alikuwa ameinama kwenye mashine, anakaza nati za chekeche. Alikuwa mwanaume mrefu, mkimya tangu ujana, na mwaka huu ukimya wake ulikuwa umeongezeka hadi watoto walikuwa wanamsalimia na kupita.

"Mwangaluka, baba Martina," alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Umepata?"

Zipora aliweka filta juu ya benchi, akaweka dumu la dawa. Halafu akafungua kamba, akalitoa gazeti, akaliweka kava kando ya vile viwili. Makoye alilitazama. Akafuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na haja ya kufutwa.

"Umelitoa wapi?"

"Shinyanga."

"Umekwenda hadi Shinyanga."

"Kahama hawana." Zipora aliketi kwenye benchi. "Baba Martina, mashine ilipokuja ilikuwa na kava. Nakumbuka rangi yake. Lilikwenda wapi?"

Kuku walipita katikati yao, wakiparua. Makoye alichukua spana, akairudisha pale pale alipoitoa.

"Nililitoa mimi," alisema. "Msimu wa pili tu. Lilikuwa linanisumbua kupaka grisi. Nikalitupa shimoni nyuma ya zizi, likachomwa na takataka."

"Na hukununua jingine."

"Nimesimama kwenye maduka yale mara ngapi, mimi. Nanunua oili, nanunua belti. Hilo nashindwa kulitaja. Naona kama nikilitaja tu, muuzaji ataniuliza la kwanza lilikwendaje." Sauti yake ilishuka. "Nilinunua kiti kipya cha trekta, Zipora. Kiti."

Kisha Zipora akalisema tena lile alilolisema kwa mgeni, na safari hii lilikuwa zito zaidi kwa kuwa aliyelisikia alikuwa anamjua.

"Mimi nilimwambia Kudra avuke."

"Nilisikia."

Akainua kichwa. "Ulisikia?"

"Nilikuwa hapo kitini. Sauti yako naijua hata injini ikinguruma." Makoye alikaa karibu naye, benchi likalia. "Nilijisemea nikilitaja la kwako, na la kwangu litatoka. Nikanyamaza yote mawili."

Mwaka mzima walilala kitanda kimoja wakigeukiana migongo, kila mmoja akidhani mwenzake amemchoka. Zipora alitaka kukasirika akakosa nguvu ya kukasirika. Alibaki ameketi, akimtazama mumewe anavyoichomoa propela, anavyoivika kava, anavyofunga mnyororo wa kwanza kwenye trekta.

"Na wa pili," Zipora alisema. "Wa pili kwenye mashine. Una kazi."

Makoye akafunga na wa pili. Waliwasha injini. Chuma kilizunguka ndani na kava likatulia kama boriti.

Zipora hakuoga wala hakubadili nguo. Alijua akioga atalala, na akilala hataamka na moyo ule. Alivuka korongo peke yake, mikono mitupu.

Kudra alikuwa nje ya nyumba yake anafua. Alikuwa amekanyaga ncha moja ya shuka kwenye jiwe safi, na nyingine anaikamua kwa mkono wa kushoto, akipinda mwili mzima kama mtu anayevuta ng'ombe asiyetaka kutembea. Alikuwa mdogo kwa Zipora kwa miaka kumi na zaidi, lakini ukimtazama wakati ule usingejua.

"Shikamoo, mama Martina."

"Marahaba, Kudra. Habari za kushinda?"

"Tunashinda." Hakuacha kukamua.

"Tumefunga kava kwenye propela. Leo. Nililifuata Shinyanga."

"Vizuri. Wengine hawataumia."

Zipora alimsogelea. Alikuwa ameyapanga maneno njiani, na sasa hayakuonekana. "Kudra, siku ile ni mimi niliyekwambia uvuke."

Kudra aliinua uso. "Unaniambia mimi?" alisema. "Mimi si nilikuwepo?"

Kwa mbali ng'ombe walikuwa wakilia. Zipora alihisi uso wake unawaka.

"Nimekuja kukuomba msamaha."

Kudra aliiachia shuka, ikaanguka kwenye beseni. Aliketi juu ya jiwe, akajifuta paji la uso kwa bega.

"Mama Martina, nimechoka. Nguvu ya kusamehe sina leo, nikikwambia ninayo nitakuwa nakudanganya. Ila jambo moja. Ndaki kila siku ananiambia kwamba mkono wangu niliutupa mwenyewe kwa uzembe. Chumvi ikizidi, uzembe. Mtoto akijikwaa, uzembe. Mara moja nilimwambia kwamba niliitwa, kwamba ni wewe uliyenipigia kelele. Akasema nawasingizia watu wanaotulisha." Alivuta pumzi. "Huo unga wenu. Na hao kuku. Hivyo ndivyo vilivyoniziba mdomo. Sasa anakuja hivi punde toka msikitini. Mngoje umwambie."

Zipora alitamani kusema atarudi kesho, pamoja na Makoye, wakiwa wamejiandaa. Aliutazama mkono wa gauni la Kudra uliokunjwa na kufungwa kwa pini, akakaa chini kwenye kivuli cha ukuta.

Walingoja kama nusu saa. Ndaki alikuja akikokota baiskeli, kofia yake nyeupe kichwani, akafurahi kumwona mgeni.

"Mayu Zipora! Karibu sana, mama. Kudra, umempa mgeni maji?"

"Usinipe maji kwanza, Ndaki," Zipora alisema, akainuka. "Nimekuja kukwambia kitu. Siku ile ya ajali mkeo alikuwa anazunguka trekta kama wenzake. Mimi nilimpigia kelele avuke juu ya propela. Nilikuwa nimechoka, nina haraka. Alisita, akanitazama, akanitii. Kava lilikuwa halipo kwa sababu tulilitoa sisi. Hakuwa mzembe. Uzembe ni wetu."

Ndaki alibaki ameshika usukani wa baiskeli. Alimtazama Zipora, halafu akatazama chini. Upande aliokaa mkewe hakuutazama.

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa."

"Mwaka mzima."

"Mwaka mzima."

"Na Makoye?"

"Anajua. Alisikia. Atakuja mwenyewe."

Ndaki aliiegemeza baiskeli ukutani. Ikateleza, akaiegemeza tena. "Asije hapa," alisema hatimaye. "Mambo haya yalisemwa mbele za watu. Kesho kuna kikao cha kitongoji. Aje pale, na wewe uje, myaseme kama ulivyoyasema sasa."

"Tutakuja."

"Unga msitume tena."

Zipora aliitikia kwa kichwa. Kudra alikuwa amekwisha inuka, anaitafuta ncha ya shuka ndani ya maji.

"Ndaki," alisema bila kugeuka. "Nishikie huku."

Ndaki hakwenda haraka. Alivua kofia, akaitia mfukoni, akaja akashika ncha ya shuka, mke akashika nyingine, na maji yakamwagika kati yao. Hakuna aliyemuaga Zipora, wala yeye hakungoja kuagwa.

Alirudi njia ile ile ya korongo. Alikuwa amedhani mzigo ukitoka atajisikia mwepesi, lakini miguu ilikuwa mizito kuliko asubuhi, na kesho kulikuwa na kikao, na wenye ndimi zao wote wangekuwepo. Katikati ya njia alisimama. Akakaa juu ya kichuguu, akavua viatu, akaanza kukanda nyayo zake moja baada ya nyingine, bila haraka yoyote.